Mama amepungukiwa na maumivu, lakini hatoki tena nyumbani: tumsaidieje?

Binti wa Tanga (swali)
Mama yangu ana miaka 68. Mwaka jana aliinama kunyanyua ndoo ya maji, akashikwa na maumivu makali, na picha ikaonyesha kwamba pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea. Daktari alieleza kwamba mifupa yake imedhoofika kwa sababu homoni ya estrojeni hupungua sana baada ya kukoma hedhi, akampa alendroneti ya kumeza mara moja kwa wiki. Maumivu yamepungua, lakini mama si yule. Amefupika hadi baibui lake linaburuza, harusini haendi, na sokoni hunituma mimi kwa hofu ya kuanguka. Je, dawa itamrudishia maisha yake?

Mtaalamu wa fiziotherapia
Pole sana, dada. Dawa hiyo hupunguza kasi ya mfupa kumomonyoka, na hivyo hupunguza uwezekano wa kuvunjika tena. Haitibu hofu, wala pingili iliyobonyea hairudi kimo chake. Hofu nayo isipuuzwe, kwani anayekaa kitako siku nzima hupoteza nguvu za mapaja na uwezo wa kujiimarisha anapoyumba, akawa rahisi zaidi kuanguka. Mwanzishieni mazoezi ya kuinuka kitini na kuketi polepole, na matembezi ya kila siku akiwa na mtu kando yake. Ndoo asibebe tena, na anapookota kitu akunje magoti, si mgongo.

Bibi wa wajukuu
Mwanangu, nami nina ugonjwa huo. Lipunguzeni upindo baibui hilo leo hii, kwa maana linaloburuza huangusha. Wekeni taa njia ya msalani na ondoeni mkeka uliojikunja pembe. Mimi huswali nimeketi kitini, ruhusa ambayo dini imetupa wagonjwa, na kwa njia hiyo nimerudi kwenye darsa na wenzangu. Ninawasihi pia msimpokonye kila kazi kwa huruma: nilipozuiwa kuingia jikoni niliumia kuliko mgongo ulivyoniuma. Mpeni mchele achague akiwa amekaa wima, awe na lake la kufanya.

Mfamasia
Niongeze kuhusu kidonge. Akimeze asubuhi kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha asilale wala asile kwa angalau nusu saa. Chai ya maziwa huizuia dawa kufyonzwa, na kulala mapema huweza kuunguza umio. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao watamwongezea kalsiamu. Akipata maumivu mapya ya ghafla ya mgongo, mrudisheni kwa daktari bila kungoja tarehe ya kliniki.