Tupeane uzoefu: vikundi vya kuchangia wengine hapa Goma, mnajuaje cha kupeleka na wa kumpelekea?

Mama wa Katindo

Ndugu zangu, salamu. Tuko watu 24, wanawake 19 na wanaume 5, tunakutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Kila mmoja anaweka 5,000 franka, mwenye nafasi anaongeza. Si likelemba, maana kwenye likelemba kila mtu anangojea zamu yake, na huku kwetu mwanachama hana zamu. Kila miezi mitatu tunafungua sanduku na kupeleka vyote kwa shirika moja la hapa hapa mjini.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Mwezi uliopita tulikwenda kituo kimoja cha watoto upande wa Mugunga. Tulinunua mchele, biskuti na madaftari, tukavaa vitenge sare, tukapiga picha. Mama anayekilea kituo alitushukuru mpaka machozi. Wenzangu walipoanza kutoka, mimi nikapita jikoni kunawa mikono. Sufuria kubwa ilikuwa imefunikwa kifudifudi, na majivu katikati ya mafiga yalikuwa ya baridi kabisa. Nikamuuliza, mama, leo hampiki? Akasema kwa sauti ya chini: "Mchele tuko nao tangu kikundi kingine kilipopita. Makala, makaa ya kupikia, ndiyo hatuna. Na maji tunanunua kwa bidoni kila siku."

Watoto 31, mifuko minne ya mchele, na hakuna moto wa kuupika. Usiku huo sikupata usingizi. Naomba wenye vikundi mtueleze mlivyojifunza.

Mwalimu wa Ndosho

Pole mama, na asante kwa kusema wazi. Sisi tulianza kama MUSO ya kawaida, yaani kikundi cha kuweka akiba na kusaidiana, na masanduku yetu matatu: la kijani la akiba na mikopo, jekundu la kusaidiana, bluu la pesa za kutoka nje. Jekundu lilikuwa la wanachama tu, kwa msiba, ugonjwa au uzazi.

Kisha volkano ikalipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, lava ikashuka mpaka Buhene. Siku tano baadaye tukaambiwa tuhame mji. Mimi na familia yangu tulikwenda Sake kwa miguu, mtoto mgongoni, godoro kichwani. Familia moja pale, ambayo haikutujua hata kwa jina, ilitupa chumba na kila asubuhi sahani ya viazi. Tuliporudi Goma, mama mmoja wa kikundi akasimama na kusema: hatuwezi tena kufunga sanduku jekundu kwa majina ya daftarini. Tangu siku hiyo nusu ni yetu, nusu ni ya watu wasio wetu. Na Februari 2024, watu wa Sake walipokimbilia Goma kwa sababu ya vita, hakuna aliyesubiri mkutano.

Kuhusu swali lako: watu wawili watangulie wiki moja kabla, mikono mitupu, simu mfukoni. Na wasiulize "mnahitaji nini?" Mtu ukimuuliza hivyo anakutajia kile anachodhani umekuja nacho. Waulize: "Jana mlikosa nini?"

Kijana wa Majengo

Hilo swali nimelichukua. Mimi sina pesa ya kila mwezi, nasukuma chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo. Kikundi chetu kilikubali nitoe siku moja ya kazi, nabeba mizigo ya msaada bure. Imeandikwa daftarini sawa na pesa ya wengine.

Mama wa Birere

Mimi nataka kusema juu ya madeni ya hospitali, kwa sababu huko ndiko tulikoumia.

Mwaka juzi tulisikia kuna msichana amejifungua kwa upasuaji, na hospitali haimruhusu kutoka mpaka deni liishe. Wiki tano. Tulikwenda kumwona. Alikuwa amelala kwenye mkeka kwenye korido, kitanda kilishapewa mgonjwa mwingine, mtoto amefungwa kwenye kitenge, na kila jioni anangojea wagonjwa wengine wamalize kula ili ampate wa kumgawia. Deni lilikuwa dola 180. Tulilipa siku hiyo hiyo, tukatoka naye, tukaimba njiani. Sitasahau alivyosimama mlangoni na kufunika uso wa mtoto, kwa sababu mtoto alikuwa hajawahi kuona jua.

Mwezi uliofuata zikaja familia nne. Mwezi wa tatu zikaja tisa. Sanduku letu halikuweza. Tukaanza kugombana: huyu ni wa kanisa letu, huyu ni jirani wa rais wa kikundi. Mama mmoja aliondoka akilia kwa sababu shemeji yake hakuchaguliwa. Nilikuwa katibu, na barua zile za kukataa niliziandika kwa mkono wangu.

Tulipotulia tukaona jambo. Wote hao walikuwa na mimba miezi tisa, na deni lilianza siku moja. Sasa mchango wetu tunaupeleka kwa chama kidogo cha wamama kinachowaingiza wajawazito kwenye mutuelle ya afya, yaani mfuko wa kuchangiana matibabu, mapema, na kuwalipia wasio na uwezo. Hatuimbi tena njiani, hakuna picha ya kutoa mtu hospitalini. Lakini wanawake wanazaa na kurudi nyumbani. Bado tunaweka sehemu ndogo kwa yule ambaye tayari ameshikwa, maana siwezi kumwambia mtu aliye kwenye korido kwamba tumebadilisha mpango.

Papa wa Himbi

Mama wa Birere, umesema ukweli mzito.

Mimi ni mweka hazina, naongea juu ya pesa yenyewe. Zamani tulikuwa na sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, kama AVEC zote, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Halafu tukajiona tumekua, tukafungua akaunti benki. Mwisho wa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, benki zilifunga milango na pesa ikabaki ndani. Watu walikuwa wanazika wafu wao, maji hakuna, umeme hakuna, na sisi tuna pesa kwenye karatasi. Jirani zetu wenye sanduku la mbao walinunua maji na dawa wiki ile ile. Tumerudi kwenye sanduku, na sehemu nyingine tunaiweka kwenye simu, namba mbili za watu wawili.

Na jambo dogo: angalieni noti za dola. Tulimpa mama wa kituo noti ya 50 yenye mpasuko usiozidi punje ya mchele. Alizunguka nayo kwa wabadilishaji siku mbili, wote wakaikataa. Sasa kila noti naiinua kwenye mwanga wa dirisha kabla ya kuipokea.

Dada aliye Ubelgiji

Mimi ni wa Goma, niko mbali miaka kumi na mmoja. Natuma zaidi ya wenzangu, na mwanzoni nilitaka sauti yangu iwe kubwa zaidi. Nilisema sana kwenye simu. Kikundi chetu kinapiga kura kwa vijiwe vyeusi vya lava, kila mtu kijiwe kimoja kwenye kikombe cha shirika analolichagua. Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, akaniambia: "Dada, kijiwe chako nitakuwekea, lakini ni kimoja." Nilinuna mwezi mzima. Shirika nililolipinga ndilo lililobaki na watoto Februari 2025, kambi za waliokimbia vita zilipovunjwa na watu kuambiwa warudi kwao. Mama wa kikundi anayeuza sambaza, wale samaki wadogo, soko la Kituku alikuwa analijua. Mimi nilikuwa nimeona ukurasa wake wa intaneti tu.

Mwalimu wa Ndosho

Naongeza: ombeni pia karatasi za usajili wa shirika. Sheria ya ASBL, yaani mashirika yasiyo ya faida, ni ya tarehe 20 Julai 2001. Lakini kama shirika ni wamama sita wanaolea watoto bila muhuri, msiwaache. Wasaidieni waanze kutafuta hizo karatasi.

Mama wa Katindo

Asanteni sana, wapendwa. Nimesoma yote kwa sauti mbele ya kamati yetu. Jana tulirudi Mugunga wawili tu, bila vitenge sare. Nikauliza, jana mlikosa nini? Mama akafikiri kidogo, akasema: "Makala, na mtu wa kulala hapa usiku mmoja ili mimi nilale." Mwenzangu analala huko leo.

Makala bado. Hatutaki kununua yale yanayochomwa ndani ya mbuga ya Virunga. Mwenye kumjua mtu hapa Goma anayeuza briketi kwa jumla, au fundi wa mbabula (jiko la makaa) kubwa ya sufuria ya watoto 31, aniandikie kabla ya Jumamosi.