Kisu cha kila siku mjini: Okapi, cha Uswisi, au plaizi ya kukunja?

Fundi wa Sakina

Wakuu habari za jioni. Nimepoteza kisu kingine, safari hii naomba ushauri kabla sijatoa hela tena.

Mimi ni fundi umeme, nazunguka na pikipiki hapa Arusha, Sakina, Njiro, Kisongo, mpaka Usa River nikiitwa. Kisu kwangu ni kama kalamu kwa karani. Nachuna waya, nafungua maboksi ya taa, nakata kamba ya mzigo, mchana namenyea embe. Jumamosi iliyopita mteja kanipigia nikiwa barabarani, niende kwenye ukumbi mmoja hapa mjini nikaangalie laini ya spika kabla wageni hawajafika. Getini mlinzi kanipapasa, kakuta kisu cha kukunja mfukoni. Nikamwambia mimi ni fundi. Akanijibu kisu ni kisu, tia kwenye ile ndoo. Natoka saa 4 usiku, zamu imebadilika, ndoo haipo, na aliyepo ananiuliza ndoo gani. Cha kwanza kilienda hivyohivyo mwaka jana mpirani.

Sasa nalinganisha. Okapi ni rahisi kupata, mpini wa mbao, chuma chake cha kaboni nakinoa hata kwenye jiwe la mtoni. Kinashika kutu, lakini hilo si tatizo kwa anayekitumia kila siku. Cha Uswisi cha mpini mwekundu, ile saizi ya milimita 91, kina bisibisi, kifungua kopo, na vingine mkasi, ila ukichunia waya mnene mpini mwembamba unakuuma kiganja. Plaizi ya kukunja, Leatherman au zile za Kichina zinazofanana nayo, ina kila kitu na uzito wake unavuta suruali chini. La mwisho ni kutobeba chochote mwilini, kila kitu kikae kwenye boksi la pikipiki.

Mnabeba nini wenzangu, na getini mnafanyaje?

Chalii wa Ngarenaro

Okapi arif, usijiulize mara mbili. Ukikivuta tu, ule mlio, trrrk, kibaka anajua huyu si wa kuchezewa. Mtaa wetu usiku unaujua.

Fundi wa Sakina

Mdogo wangu, mimi nataka cha kuchunia waya.

Karani Mstaafu

Chalii, nimekaa mahakamani miaka mingi nikiandika majalada, na hiyo sentensi yako ndiyo iliyowapeleka vijana wengi kizimbani. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inasema anayetembea hadharani na silaha bila sababu halali, kwa namna ya kutia watu hofu, ametenda kosa, na silaha yenyewe inaweza kutaifishwa. Kifungu hicho hakitaji sentimita. Kinauliza una sababu gani na umekibebaje. Fundi mwenye testa, ile bisibisi ya kupimia umeme, waya na kisu kwenye mfuko mmoja saa 5 asubuhi ana maelezo. Kijana mwenye kisu hichohicho kiunoni saa 6 usiku nje ya baa, akisema ni cha kutishia vibaka, amekwisha kujitolea ushahidi mwenyewe.

Halafu ukikitoa mbele ya kibaka, naye akiwa nacho? Simu inanunulika, utumbo haununuliki.

Chalii wa Ngarenaro

Nimekusikia mzee. Ila ule mlio ni mtamu.

Mtoto wa Monduli

Mlio ndio ubaya wake hasa. Okapi ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili iuzwe kwenye makoloni yao ya Afrika, na huku kwetu ndiko walikokuwa wakitawala wakati huo. Tangu 1988 inatengenezwa Afrika Kusini, na huko imechafuka jina kwa sababu ya majambazi wa mitaani. Ile pete ya kufungulia ina meno, kila jino linalia. Ukimenyea chungwa kwenye daladala, abiria watatu wanageuka.

Nikiongea kuhusu visu msinishangae. Mimi nimekua na sime kiunoni, olalem kwa lugha yetu, ala nyekundu, ubapa unaopanuka kuelekea nchani. Porini hakuna anayeniuliza. Nikishuka mjini kwa shughuli za ofisi, sime inabaki kwa shemeji yangu anayelinda duka. Watalii wakiniona nayo wanaomba picha, lakini mlinzi wa benki haombi picha. Namwelewa. Vazi ni vazi, na mlango wa mtu ni mlango wa mtu.

Mama wa Mbuyuni

Nawasalimu kutoka Moshi, wanangu. Mimi nauza mananasi na matikiti, kisu changu kina urefu wa mkono, hakikunjwi wala hakijifichi. Mnashangaza mkilinganisha majina ya kampuni, mimi naona mnasahau ala. Nilikatwa paja kwenye daladala la Kiboriloni na kisu cha mwenzangu kilichotoboa kikapu. Dereva alikanyaga breki tu, basi. Tangu siku hiyo changu nakivika boksi gumu la katoni, nafunga na mpira wa tairi, nakilaza chini kabisa ya kikapu, ncha ikielekea chini.

Nikitoka sokoni kwenda ibada ya jioni namwachia jirani yangu wa nyanya. Hajawahi kukipoteza. Ndoo ya mlinzi haina jirani.

Mpanda Machame

Hapo kwenye ndoo mama umemaliza.

Mimi napandisha wageni mlimani, nataka niwaambie kuhusu ndege, maana ndiko wengi wanakolia. Mgeni anakuja na kisu cha Uswisi tumboni mwa ndege, ndani ya begi kubwa, hakuna shida. Anakaa siku 7 mlimani, anakatia plasta na jibini, anakizoea kama kidole. Siku ya kuondoka, uwanja wa ndege wa KIA, kiko kwenye mfuko mdogo wa begi la mkononi, pamoja na krimu ya jua, naye hana habari. Mashine inakiona kabla yake. Akiwa ameshapeleka begi kubwa, hakuna pa kukirudisha. Mimi jioni ya mwisho hotelini nawaambia wote wamwage begi dogo kitandani. Si wazo langu, nilifundishwa na mpishi wetu baada ya mgeni mmoja kulia kwa ajili ya kisu cha marehemu baba yake.

Watu hubishana kuhusu sentimita. Ulaya kuna utaratibu unaoruhusu ubapa usiozidi sentimita 6 ndani ya ndege, hilo ni kweli. Marekani walitangaza Machi 2013 kwamba wataruhusu visu vidogo vya kiasi hichohicho, wahudumu wa ndege wakapinga vikali, na Juni mwaka huohuo mpango ukafutwa. Hawajasahau kwamba watekaji wa Septemba 11, 2001 walitumia visu vidogo, vikiwemo vya kukatia maboksi. Kwa hiyo mgeni anayeunganisha ndege mbili tatu anaweza kupita mlango wa kwanza akakwama wa pili. Kitie begi kubwa, ulale usingizi.

Mswahili wa Leicester

Huku Uingereza ingekuwa kesi nyingine kabisa, fundi. Sheria ya 1988 inaruhusu kutembea na kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, bila kuulizwa sababu, ILA kisiwe na loki. Kikijifunga kikishafunguka, hata kiwe kidogo kama ukucha, lazima uwe na sababu nzuri. Okapi yenye ile pete ina loki, ingeweza kukupeleka kituoni hapohapo. Cha Uswisi cha milimita 91 kingepita mtaani, maana ubapa wake hauzidi kipimo na hauna loki. Lakini ukienda nacho mpirani au mahakamani unarudi palepale pa ndoo.

Nilihama na Okapi ya babu kwenye begi, sikujua. Sasa iko droo ya jikoni inakata vitunguu.

Mlinzi Getini

Nimewasoma kimya tangu juzi, acha niseme upande wa pili wa geti.

Nilianza kazi hii Arusha mwaka 2013. Wakongwe mnaukumbuka. Tarehe 5 Mei bomu kanisani Olasiti, tarehe 15 Juni bomu uwanja wa Soweto kwenye mkutano wa siasa. Kabla ya hapo mtu alikuwa anaingia kwenye harusi na begi la mgongoni na hakuna wa kumgusa. Baada ya hapo kila mwenye ukumbi alitaka mlinzi na kile kifimbo cha kutafutia chuma, cha kupiga mlio. Visu havikuhusika na mabomu, najua. Lakini ukishafungua begi la mtu unatafuta kikubwa, huwezi kujifanya hukuona kidogo.

Mnadhani mlinzi anachagua. Hachagui. Anayekodi ukumbi anatuambia hakuna kitu cha makali, basi. Mimi sina mizani ya kupima huyu fundi wa kweli, huyu fundi wa maneno. Kifimbo chenyewe hakijui kisu na mkanda wa suruali, kinalia tu. Na kwenye ile mashine ya eksirei ya kumbi kubwa, plaizi ya kukunja inaonekana kama bonge jeusi moja, lazima begi lifunguliwe, foleni nyuma inaanza kupiga miluzi. Kwa hiyo fundi, ukinunua plaizi kwa kudhani inaonekana ya kazi, haitakusaidia getini. Hata zile zisizo na kisu ndani, ambazo zipo. Mpirani shida si makali peke yake, ni chochote kinachoweza kurushwa kichwani mwa mwamuzi. Uwanja wa Olmoti wa AFCON 2027 ukianza mechi za kimataifa msitegemee papaso la kirafiki la uwanja wa Sheikh Amri Abeid.

Kinachonisaidia mimi ni mtu kusema kabla sijagusa mfuko. "Kaka, nina kisu cha kazi hapa." Huyo namwangalia usoni. Anayesubiri kifimbo kilie ndipo aanze hadithi ya ufundi, namwona kama wengine wote.

Na kama umeitwa kufanya kazi, usipite geti la wageni. Pita la wapishi na vyombo. Mwambie mteja apeleke jina lako na orodha ya vifaa mapema, visu viandikwe humohumo, uhesabiwe unaingia, uhesabiwe unatoka. Hapo hata panga la kukatia nyama linaingia. Wapishi wanaingia na visu 20 kila Jumamosi, mlishawahi kusikia wamezuiwa?

Ndoo nakubali ni aibu. Sehemu yenye utaratibu ina daftari na namba, unapewa kikaratasi. Ukiona ndoo, usiache kitu unachokipenda, rudi nacho kwenye pikipiki. Ila msivifiche kwenye maua! Vyungu vya nje ya geti letu vina visu kuliko magugu, na mtunza bustani ameshakatwa kidole.

Karani Mstaafu

Neno la dhahabu hilo la kusema mapema. Mahakamani usiseme mapema wala baadaye, kiache nyumbani.

Chalii wa Ngarenaro

Kwa hiyo fundi anunue kipi sasa? Mmeongea mpaka nimesahau swali.

Mpanda Machame

Kwa kazi yake ningesema cha Uswisi, kwa sababu kinafunguka kimyakimya kwa kucha mbili na hakuna anayekitazama kama silaha. Mimi nina kile kidogo cha milimita 58 kwenye funguo, kinatosha kwa plasta na pakiti za biskuti. Lakini kumbuka hakina loki, ukisukuma vibaya kinafunga juu ya vidole. Kwa waya mnene ni hatari.

Mtoto wa Monduli

Waya uchunwe kwa plaizi ya kuchunia waya, jamani. Kisu kinakwangua shaba, kesho waya unakatikia ndani ya soketi. Fundi mzima!

Fundi wa Sakina

Umenipiga panapouma, na umesema kweli.

Nimeamua hivi. Plaizi ya kuchunia, Okapi mpya na vingine vyenye makali vinakaa kwenye boksi la pikipiki, nimeweka kufuli. Cha Uswisi nabeba siku za kazi kwenye mfuko wa vifaa, si mfukoni mwa suruali. Jumamosi na Jumapili sibebi kitu. Ala nimeshona mwenyewe kwa ngozi ya kiatu cha zamani, mama wa Mbuyuni asije akanigombeza.

Fundi wa Sakina

Nimerudi kuwapa mrejesho. Jana nilialikwa harusi Njiro, kama mgeni safari hii, suti na tai. Nimeacha kila kitu nyumbani. Nafika getini kwa kujiamini, kifimbo kikalia kifuani. Testa! Ilikuwa mfuko wa shati, imekaa hapo miaka mpaka siioni. Mlinzi akaitoa, akaicheka, lakini alikuwa na daftari, akaniandika namba 14.

Mama wa Mbuyuni

Ukairudishiwa, mwanangu?

Fundi wa Sakina

Mapema kuliko nilivyotaka, mama. Saa 3 soketi ya MC iliungua, ukumbi ukawa kiza nusu. Nikatumwa getini kuazima testa. Ikabidi nisaini namba 14 kuichukua, na nisaini tena kuirudisha.