Bosi anataka niandike "fedha zimeisha" kwenye barua ya kutoongeza mkataba

Karani_wa_Mikataba:
Wakuu, salamu. Nimekuwa wakili wa kesi za kazi kwa miaka tisa, mwaka jana nikahamia idara ya rasilimali watu ya shirika moja la kimataifa (sitalitaja). Nilidhani ni maji yaleyale, kumbe ni bahari nyingine. Sheria ya kazi niliyoikariri haifanyi kazi humu ndani. Kuna kanuni za watumishi, waraka juu ya waraka, na ukishindwana na mwajiri unaishia Mahakama ya Utawala ya ILO (Shirika la Kazi Duniani), Geneva.

Sasa ishu yenyewe. Meneja mmoja ana mtumishi wa mkataba wa muda maalumu, unaisha baada ya wiki saba, na hataki uongezwe. Jana kaniambia niandae barua inayosema fedha za mradi zimeisha. Nikafungua bajeti: fedha za nafasi hiyo zipo hadi Desemba mwakani. Nilipomrudia akacheka. "Andika tu. Mkataba wa muda ukifika mwisho umefika, hatudaiwi sababu."

Ofisi nzima inajua kwamba wawili hao hawasalimiani tangu kikao cha Machi, yule mtumishi alipomsahihisha takwimu mbele ya wafadhili. Tathmini zake mbili za mwisho zinasema amekidhi matarajio yote, na zimesainiwa na meneja huyohuyo.

Kweli hatudaiwi sababu? Barua itatoka na sahihi yangu.

Mzee_wa_Kanuni:
Meneja wako yuko sahihi nusu, na hiyo nusu ndiyo inayowaponza wengi. Mkataba wa muda haumpi mtu haki ya kuongezewa, hilo kweli. Lakini mahakama ya ILO imeshikilia kwa miaka mingi kwamba mtumishi aelezwe sababu halisi na apewe taarifa mapema. Upande wa Umoja wa Mataifa nako, Mahakama ya Rufaa ilisema mwaka 2012 kwamba uongozi hauwezi kukataa kutoa sababu kwa kisingizio kwamba mkataba umejiishia wenyewe.

Majaji hawataamua kama mlipaswa kumpenda. Watachukua sababu mliyoiandika na kuuliza: ni ya kweli? Mkiandika fedha, ataomba bajeti. Ileile uliyoifungua wewe.

Mimi niliwahi kuandika barua ya aina hiyo, shirika jingine, zamani kidogo. Sentensi mbili tu: idara inapangwa upya, nafasi yako haitakuwepo. Miezi minne baadaye nafasi ikatangazwa tena, cheo kilekile, majukumu yamebadilishwa maneno tu. Tangazo hilo ndilo likawa kielelezo chake cha kwanza, na barua yangu cha pili. Tulilipa. Aliyenituma alikuwa ameshahamia kituo kingine, hakuna aliyemuuliza kitu.

Kwa hiyo mjibu kwa barua pepe, si kwa mdomo. Bajeti inaonyesha hivi, tafadhali andika mwenyewe sababu yako. Akisema ni utendaji, tathmini alizosaini zinampinga. Kikao cha Machi usikitaje kabisa; wewe si shahidi wa ugomvi wao, wewe unalinda faili.

Jembe_Butu:
Mbona mnazunguka? Huyo mtumishi anyooshe hadi mahakama ya kazi ya nchi alipo, kwisha habari.

Dada_Rufaa:
@Jembe_Butu atarudishwa mlangoni. Mashirika haya yana kinga, hayashtakiwi ovyo kwenye mahakama za nchi. Umoja wa Mataifa una mkataba wake wa kinga wa mwaka 1946, mashirika yake maalumu yana wa 1947. Ndiyo maana mahakama hizi za ndani zipo: huwezi kumfungia mtu mlango wa nchi halafu usimpe mwingine. Mwaka 1999 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliipima kinga kwa swali hilohilo, kama mtumishi ana njia nyingine ya maana ya kudai haki yake.

Mleta mada, nimewatetea watumishi muda mrefu, na kesi nyingi nilizoziona zikifa zimeuawa na kalenda. Kwa watumishi wa Umoja wa Mataifa ni siku 60 kuomba uongozi uupitie upya uamuzi, kisha siku 90 kwenda Mahakama ya Migogoro (Geneva, Nairobi au New York). Kwenu, amalize kwanza rufaa za ndani, halafu ana siku 90 tangu apokee uamuzi wa mwisho. Watu hukaa wakisubiri bosi apoe, siku zinapita. Barua yoyote mtakayompa, andikeni ndani yake pa kukata rufaa na mwisho wake ni lini.

Karani_wa_Mikataba:
Asanteni. @Mzee_wa_Kanuni nimetuma barua pepe jana asubuhi, mistari minne, nimeambatanisha ukurasa wa bajeti. Alasiri alikuja mezani kwangu akauliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Nikamwambia faili linahitaji karatasi. Akaondoka.

Leo bado hajajibu. Dada, hilo la rufaa nimeshaliweka kwenye rasimu. Mstari wa sababu nimeuacha wazi.