Mahubiri yamekuwa motivesheni tupu na darasa la kipaimara limenishinda, nifanyeje?

Habari za humu wakuu, na Bwana asifiwe kwa wale wa kwetu. Naombeni ushauri na nipo siriasi, wale wa kuja kupigia debe makanisa yao leo mnipishe kidogo.

Mimi ni Muanglikana wa kuzaliwa, nimebatizwa mchanga, nikapata kipaimara, liturujia ipo kichwani hata ukiniamsha usiku wa manane nakuitikia bila kufungua kitabu. Mwaka huu nimepewa darasa la kipaimara, vijana kumi na mmoja, nikajua kazi nyepesi manake na mimi nilipita humohumo, tulikariri katekisimu (yale maswali na majibu ya imani), askofu akaja akatuwekea mikono, basi. Sasa Jumamosi ya pili nimewasimamisha tunasema Imani ya Mitume, tumefika pale kwenye "kanisa takatifu katoliki", binti mmoja anakaa nyuma, yule asiyeongeaga kabisa, kanyoosha mkono. "Mwalimu, sisi si Anglikana? Mbona tunasema tunaamini kanisa katoliki?" Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka, halafu nikashtuka wao wameshaacha kucheka wananitazama. Wakuu, sikuwa na jibu! Maneno hayo nimeyasema zaidi ya miaka ishirini kila Jumapili. Nikamwambia tutalijibu wiki ijayo, akakaa, akaandika kitu kwenye daftari, na hicho alichoandika ndo kinaninyima usingizi.

Ndo nikaanza kujiuliza mara ya mwisho mimi mwenyewe kufundishwa ilikuwa lini. Kwetu somo linasomwa vizuri tu, "Neno la Bwana", "Tumshukuru Mungu", halafu mhubiri anafunga Biblia na safari inaanzia hapo, mara mwaka wako wa kuinuliwa, mara maadui zako wataona, mgeukie jirani yako umwambie. Majuzi somo lilikuwa Warumi 3, nikajiweka sawa nikasema leo tunapata, ukaguswa mstari mmoja tu, muda wote uliobaki tukaambiwa namna ya kuwa na maono makubwa. Mchungaji wetu simsemi vibaya, ni mtu wa watu, anazika, anatembelea wagonjwa, simu anapokea saa yoyote. Ila kufundisha, hapana.

Sasa nihame? Nimfuate nimwambie (na mimi ni nani)? Au nifundishe hivyohivyo na ujinga wangu? Halafu kuna rafiki yangu ananitania kwamba Anglikana hatuna mafundisho, tuna kusimama na kukaa tu. Nimekosa cha kumjibu pia.

Kengele_ya_Pili: Hama. Unasubiri nini sasa, kondoo anaenda penye majani.

Mzee_wa_Lektani: Mwanangu usihame kwanza, soma hapa. Nimekuwa katekista muda mrefu kabla goti halijanistaafisha, na swali la huyo binti niliulizwa na mimi na nilibabaika vilevile. Katoliki ni neno la Kigiriki, maana yake kanisa zima, la mahali pote na nyakati zote, lenye imani ileile ya mitume. Halimaanishi Roma peke yake. Mwambie hivyo na usione haya kumwambia kwamba na wewe umejifunza juzi.

Na huyo rafiki yako mwambie aende taratibu. Mafundisho tunayo, tena yameandikwa. Kuna Ibara 39 za Dini, zilipata sura yake ya mwisho mwaka 1571, kwenye vitabu vingi vya sala zipo kule nyuma kabisa ambako hakuna anayefika, wengi wanadhani kitabu kimeishia zaburi. Uzito wake unatofautiana kutoka jimbo moja la Anglikana hadi jingine, hilo nakubali, lakini soma Ibara ya 6 uone: Maandiko Matakatifu yana yote ya lazima kwa wokovu, na jambo lisilosomwa humo wala kuthibitishwa kwayo, mtu yeyote asilazimishwe kuliamini. Ibara ya 8 inasema zile Imani tunazikubali kwa sababu zinathibitika kwa Maandiko. Umeona mpangilio? Hata Imani ya Mitume yenyewe inasimamishwa mbele ya Biblia iulizwe. Na Ibara ya 20 inalibana kanisa lenyewe, lina mamlaka ya kupanga ibada lakini haliruhusiwi kuagiza kitu kilicho kinyume na Neno la Mungu, wala kueleza andiko moja likapingana na jingine. Sasa huo mwaka wa kuinuliwa wa kila Januari ungepitia mlango gani hapo, sijui.

Doktrini_ya_Nini: Mimi nitaenda tofauti na wazee. Mafundisho ndo yamegawa makanisa, kila mtu na ibara zake. Yesu kasema pendaneni. Kijana akijua kumpenda jirani anatosha, hayo ya katoliki sijui ibara ya ngapi yatamsaidia nini akipata shida?

Mama_wa_Sala_ya_Jioni: @Doktrini_ya_Nini baba nakuheshimu ila hapo hapana. "Yesu kasema" tayari ni fundisho, umejuaje kasema kama hukufundishwa? Na shida ikija ndo fundisho linapohitajika hasa. Mimi nilifiwa na mwanangu. Watu wakaja na maneno yao, wengine ni laana ya ukoo, wengine imani yangu ilikuwa ndogo, mmoja akanitaka nifunge siku kadhaa nivunje vifungo. Kilichonishika ni mstari mmoja wa Imani ninaousema toka utotoni, "ufufuo wa mwili", kwa sababu mwalimu wangu wa kipaimara alikaa na sisi somo zima na 1 Wakorintho 15 akatueleza kwamba siyo roho inayoelea tu, ni mwili. Kama angetukaririsha tu ningewasikiliza wale.

Doktrini_ya_Nini: Pole sana mama. Sikuwa na maana hiyo.

Mama_wa_Sala_ya_Jioni: Najua baba, tumeshapoa.

Nilihama_Nikarudi: Mleta uzi mimi nilifanya alichokuambia huyo wa kwanza. Nikahamia sehemu ina moto kwelikweli, projekta, muziki, na mwanzoni nilifundishwa haswa, sikatai. Ila mahubiri yalikuwa kwenye vile vitabu vitano sita anavyovipenda mtumishi, mwaka mzima Walawi hatujaiona, Amosi hatujaiona, zaburi za kuomboleza ndo kabisa. Kuja kurudi nikaona ile ratiba ya masomo niliyokuwa naidharau ni kitu cha maana, inakulazimisha usome na usiyoyapenda. Tatizo letu tunasoma masomo mawili matatu na zaburi juu halafu hakuna anayeeleza. Yaani meza imeandaliwa hakuna anayenawa.

Padre_Mtarajiwa: Nipo chuo cha theolojia, niongeze kidogo kwenye aliyosema mzee. Hiyo shida ya mleta uzi siyo ngeni. Cranmer, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury kule Uingereza, alipotoa Kitabu cha Sala cha 1549 alilalamika kwenye dibaji kwamba vitabu vya Biblia vilikuwa vinaanzwa kusomwa kanisani na haviishi, na juu ya hapo watu wanasomewa Kilatini wasichokielewa. Ndo akapanga Sala ya Asubuhi na Jioni ili sehemu kubwa ya Biblia imalizike kwa mwaka na Zaburi zote kwa mwezi. Na kwa vile mapadre wengi enzi hizo hawakuweza kuhubiri, 1547 yalitolewa mahubiri 12 yaliyoandikwa tayari, lipo la kusoma Maandiko, lipo la wokovu, padre anasimama anasoma. Sisemi turudi huko, nasema waliona kanisa lisilofundishwa ni hatari kiasi hicho.

Kitu kingine, kwenye ibada ya 1550 ya kuwawekea mikono makasisi wapya, kasisi alipewa Biblia mkono mmoja na kikombe mkono wa pili. Ilipofika 1552 kikombe kikaondolewa, Biblia ikabaki. Na hadi leo anaulizwa mbele ya watu wote kuhusu kuwafundisha watu kutoka kwenye Maandiko, anajibu ndiyo. Kwa hiyo ukienda kwa mchungaji wako humletei jipya, unamkumbusha alichoahidi. Ila usiende na lawama, na USIMSEME kwenye grupu la kanisa. Soma Matendo 18, Apolo alikuwa msemaji hodari lakini alijua nusu, Prisila na Akila wakamchukua pembeni wakamweleza kwa usahihi zaidi. Hawakusimama katikati ya sinagogi. Mwombe kitu kidogo, siyo abadili mahubiri yote, mwombe aje darasani kwako nusu saa.

Mzee_wa_Lektani: Hapo kijana umenena. Na mleta uzi, kipaimara anza na katekisimu lakini kila jibu liwe na andiko lake, wafungue wenyewe, usiwasomee. Darasa litaenda polepole, ni sawa.

Kengele_ya_Pili: Haya basi asihame 😂

Mleta uzi: Asanteni sana, samahani nimechelewa kurudi. Mama wa Sala ya Jioni pole, ulichoandika nimekisoma mara tatu.

Mrejesho ni huu. Jumatano nilienda kwa mchungaji, nikampa lile swali la binti kama lilivyo, sikugusa mahubiri kabisa. Akanyamaza, akacheka, akaniambia chuoni alikuwa anapenda sana somo la mafundisho ya kanisa, ila alipofika parokiani akaona watu wanasinzia, na wakitoka wanamsifia siku ile tu alipopiga kelele, naye akafuata upepo. Yaani nilienda nikijua tatizo ni yeye kumbe na sisi wa kwenye viti tumo. Jumamosi kaja darasani, nusu saa ikawa saa mbili. Kafungua Waefeso 4, mwili mmoja, Roho mmoja, imani moja, akawauliza vijana haya, kanisa hapa ni la nani, wakabishana weee mpaka wakafika wenyewe.

Yule binti nilimwomba nione daftari. Alikuwa ameandika "Mwalimu hajui. Muulize tena wiki ijayo." Chini yake sasa kaongeza swali jingine kutoka Imani hiyohiyo ya Mitume, Yesu alishuka mahali pa wafu kufanya nini? Mzee wa Lektani upo? Nina siku sita.