Nakshi ndefu, fremu ndogo: mnaunganishaje?

BintiBombo
Mafundi, habari za kazi. Nina oda ya mashuka ya arusi, nakshi ya mashine: ua linalotambaa sentimita 50 ukingoni. Fremu yangu kubwa ya kubana kitambaa ni milimita 130 kwa 180, kwa hiyo nafunga kitambaa mara tatu, nashona sehemu kwa sehemu. Shuka la kwanza limeniaibisha: kikonyo kimefika mpakani mwa sehemu mbili kikaruka kama ngazi. Karatasi, alama za kushona, au ile fremu ndefu ya kuhamisha?

FundiKisenyi
Karatasi, dada. Chapa nakshi kwa asilimia 100, printa isiipunguze ili ienee ukurasani, na uipime kwa rula. Toboa katikati, tia nukta ya chaki, kisha shusha sindano kwa gurudumu la mkono mpaka iguse nukta. Shingo za kanzu nazifanya hivyo miaka yote.

MamaSindano_Jinja
Fundi, shingo ya kanzu unaifunga mara moja! Nukta moja inakuonyesha mahali, mwelekeo haikuonyeshi. Kitambaa kikipinda digrii moja tu, ukifika milimita 180 umeshakosea milimita 3. Ngazi ya binti imetoka hapo. Mimi nashona alama mbili za kujumlisha mwishoni mwa sehemu ya kwanza, moja kila pembe ya mpaka, mishono mirefu ya kufumuliwa. Sehemu ya pili inaanza na alama zilezile, ila naitembeza mashine bila uzi. Sindano isipotua palepale, nafungua nafunga upya.

FundiKisenyi
Na kwenye satini? Tundu la sindano halifi pale.

MamaSindano_Jinja
Satini nakuachia na karatasi yako, ssebo. Ila nukta ziwe mbili.

Mbale_Nyuzi
Fremu ya kuhamisha ninayo. Kitambaa hakifunguliwi, unasogeza tu fremu kwenye mkono wa mashine, kwa hiyo mwelekeo hauharibiki. Lakini ni ndefu, inalegea katikati, pamba nyepesi inateleza. Na kwa sentimita 50 bado utafunga tena. Swali langu ni lingine: nakshi umeikata wapi?

BintiBombo
Programu iliikata yenyewe, katikati ya kikonyo.

Mbale_Nyuzi
Basi hata ukipanga vipi, jicho litaona. Kata penye jani. Kikonyo cha sehemu ya kwanza kiingie milimita 2 hivi chini ya jani, na jani lishonwe na sehemu ya pili, lifunike. Kosa dogo linalala humo.

BintiBombo
Nimejaribu kwenye shuka kuukuu: alama za Mama, mkato wa Mbale. Mpaka wa kwanza siuoni. Wa pili umeachana unene wa uzi mmoja, nikagundua shuka lilikuwa linaning'inia mezani na kuivuta fremu. Sasa nimelikunja juu ya kiti kando ya mashine, narudia.