Toyota Hilux LN106 (pikapu ya dizeli): injini ni aina ya 2L au 3L? Nataka kununua gasketi ya hedi

Mzee wa Pikapu: Wakuu habari zenu. Gasketi ya hedi (kifuniko cha juu ya silinda) imeungua, hedi tayari iko chini. Kadi ya gari inasema injini ni 3L, ila aliyeniuzia alishabadilisha injini. Duka la spea gasketi ikishafunguliwa hawarudishi. Nitajuaje ni injini gani?

Fundi Dizeli: Kadi na kibati cha kwenye bodi viweke kando, mkuu. Vinataja injini iliyotoka kiwandani. Hedi nayo usiitegemee, za 2L na 3L zinafanana na mafundi huzihamisha. Pima upana wa mdomo wa silinda kwa vania (kipimo cha chuma chenye taya): 92 mm ni 2L, 96 ni 3L, 99.5 ni 5L. Pima juu kabisa, pale ringi ya kwanza isipofika, maana chini yake silinda huwa imeliwa na itakudanganya.

Kifaru 4x4: Ikisoma 92.5 au 96.5 ujue silinda zilishachongwa kupanuliwa. Kwangua kaboni juu ya pistoni kwa kijiti cha mbao, utaona STD (saizi ya kiwandani) au 0.50 (imezidi kwa nusu milimita). Kuhakikisha, zungusha krenki kwa mkono upime pistoni inavyoshuka toka juu kabisa hadi chini kabisa: 2L inatembea 92, 3L na 5L zinatembea 96.

Mzee wa Pikapu: Zote nne 96, pistoni STD. Namba ya injini kwenye bloku (mwili wa injini wenye silinda) haisomeki kwa kutu na grisi.

Fundi Dizeli: Basi ni 3L. Namba isafishe kwa dizeli na brashi ya waya ya mkono. Grainda isiguse hapo kabisa, tarakimu moja ikifutika utasumbuka kwenye ukaguzi. Sugua chaki kisha pangusa kwa kiganja, nyeupe itabaki ndani ya maandishi. Ikitofautiana na kadi, nenda TRA warekebishe kabla hujafikiria kuuza.

Mama Spea: Usiende dukani na neno "3L" tu, kaka. Gasketi yake ina unene tofauti: B, D na F, herufi imegongwa kwenye gasketi yenyewe. Pistoni zikiwa hazijabadilishwa na bloku haijapigwa plena (kusawazishwa uso kwa mashine), nunua herufi ile ile ya zamani. Vinginevyo fundi apime kwa saa ya kupimia (kipimo chenye mshale) pistoni zinavyochomoza juu ya uso wa bloku, zote nne, achague kwa ile iliyochomoza zaidi. Nyembamba kupita kiasi, pistoni itagonga. Nene mno, kompresheni inashuka na asubuhi gari haliwaki.