Chozi wa Pemba: kwa nini hapatikani Unguja wala Tanga?

Mkaazi wa Wete

Assalamu alaykum ndugu zangu. Kila asubuhi ndege wadogo wawili waitwao chozi hufika kwenye mgomba ulio nyuma ya jiko letu. Dume huning'inia kichwa chini kwenye ua la mgomba, akapenyeza mdomo wake uliopinda hadi kwenye mbochi, yaani maji matamu ya ua. Mgongo wake ni wa kijani kinachong'aa, tumbo ni jeusi, na kifuani pana ukanda mwembamba wa zambarau. Shemeji yangu wa Tanga anasema kwamba chozi wa kwao anayefanana na huyu ana pia ukanda wa rangi ya damu ya mzee chini ya ule wa zambarau. Je, hawa ni ndege wa aina mbili? Na je, ni kweli kwamba chozi huharibu maua, kwa kuwa mengine nimeyakuta yametobolewa kwenye kikonyo?

Bin Misali

Wa alaykumu s-salaam. Shemeji yako ameona vyema. Huyo wa kwenu ni chozi wa Pemba, ambaye Mjerumani Anton Reichenow alimpa jina la kitaalamu la *Cinnyris pembae* mwaka 1905, na hapatikani popote duniani isipokuwa Pemba na visiwa vidogo vinavyoizunguka, kikiwemo Misali.

Sababu iko chini ya bahari. Mkondo unaotenganisha Unguja na bara una kina kifupi, hivyo miaka 20,000 hivi iliyopita, bahari ilipokuwa imeshuka kwa takriban mita 120, mtu angeweza kutoka bara hadi Unguja kwa miguu. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, na kushuka huko hakukutosha kuukausha, kwa hiyo chozi wa Pemba waliendelea kuzaana peke yao, mbali na jamaa zao wa bara, hata wakawa aina yao wenyewe. Ndiyo maana Pemba, ingawa ni ndogo kuliko Unguja, ina pia kinengenenge wake, njiwa wake wa kijani na bundi wake mdogo, ambao hawapo pengine popote.

Mama Mikarafuu

Ningependa kulijibu swali la maua. Ua likiwa na shingo ndefu ambayo mdomo haufiki mwisho wake, chozi hulitoboa ubavuni karibu na kikonyo, akapitisha ulimi wake ulioviringika kama mrija, na akanywa bila kugusa chavua. Huo kweli ni wizi, kwani ua halikupata malipo yake. Lakini kwenye maua mengine paji lake hujaa chavua, naye huipeleka kwenye ua linalofuata. Kwa hiyo sioni haki ya kumfukuza kwa sababu ya matundu machache.

Tena chozi hawaishi kwa mbochi pekee. Makinda hayakui bila nyama, na wazazi huyalisha buibui na wadudu. Buibui huwafaa pia katika ujenzi, kwa maana jike hutumia utando wao kushikanisha nyasi na majani makavu mpaka kiota kikawa kama kifuko kinachoning'inia kwenye kijiti, chenye mlango ubavuni na kibaraza kidogo juu yake. Kwa mbali hudhani ni takataka zilizonaswa. Nakuomba uvitazame vijiti vya ua wako kwa makini kabla ya kuupogoa.

Mkaazi wa Wete

Ahsanteni sana. Nimekwenda kutazama sasa hivi: kwenye mlimau ulio karibu na kisima pana kifuko hicho hicho, na kwa wiki nzima nilidhani ni majani yaliyoletwa na upepo. Jike, wa rangi ya kijivu asiye na mng'ao, ameingia mara mbili nikiwa nimesimama hatua chache tu, na mara ya pili alikuwa na buibui mdomoni.